Mjadala: Je, timu za soka za wanawake vyuoni zifundishwe na wanawake pekee?

Kila hoja hii inapoibuka nchini Marekani, wanaopinga kuwatengea wanawake nafasi za ukocha humtaja kocha Anson Dorrance, nao huona kwamba mataji yake yamekwisha kuumaliza ubishi. Mataji hayo ni ya ajabu kweli. Aliianzisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1979, akaiongoza mpaka alipostaafu Agosti 2024, akatwaa ubingwa wa taifa mara 22, na katika kipindi hichohicho akaipa Marekani Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 1991 kwa kuifunga Norway 2-1 mjini Guangzhou. Mia Hamm na Kristine Lilly, nyota wa timu ya taifa ya Marekani, ni wanafunzi wake.

Naomba tuutazame pia mwanzo wake, kwa sababu ndio unaosahauliwa. Dorrance, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Kenya na Ethiopia, alipewa kwanza timu ya wanaume ya chuo hicho akiwa bado anasomea sheria, kisha akaongezewa ya wanawake kabla hajatimiza miaka 30. Chuo kilimwamini kijana asiye na jina na kikamwachia muda wa kujenga. Ni wanawake wangapi wameaminiwa hivyo?

Kabla ya sheria ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika elimu, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Sheria hiyo ilileta fedha, fedha zikaleta mishahara, na mishahara ikawavuta wanaume, hata leo makocha wanawake hawafiki nusu. Becky Burleigh alikabidhiwa timu mpya kabisa ya Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995, na mwaka 1998 akaifunga North Carolina 1-0 katika fainali, akiwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, katika soka la wanawake. Baada yake walifuata Amanda Cromwell mwaka 2013, Erica Dambach mwaka 2015, na Margueritte Aozasa mwaka 2022, ambaye katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu, timu yake ya UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) ikiwa nyuma kwa mabao mawili, alimshinda Dorrance mwenyewe 3-2 katika muda wa nyongeza. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1982 mpaka 2024, ni hao wanne tu.

Hata hivyo siungi mkono kuwafungia wanaume mlango, kwani sheria ileile iliyowafaa wanawake inakataza kuajiri kwa kigezo cha jinsia. Ninachokitaka ni kwamba chuo kinapomwajiri kocha mkuu kitangaze hadharani waliosailiwa ni wanawake wangapi na wanaume wangapi, na kwamba makocha wasaidizi wanawake wapewe madaraka halisi ya kupanga mazoezi na kusajili wachezaji, si kutunza nidhamu ya mabweni tu. Kocha kukaa muda mrefu kazini nako kunahitaji usimamizi: mwaka 1998 wachezaji wawili wa zamani wa North Carolina walifungua kesi wakimtuhumu Dorrance kwa unyanyasaji wa kijinsia, yeye alikana, na shauri la mwisho liliisha mwaka 2008 kwa maafikiano ya dola 385,000.

Anayeamini kwamba ushindani uliopo sasa ni wa haki anieleze, kwa mifano ya vyuo na miaka, ni wapi mwanamke wa miaka 28 asiye na rekodi alipewa timu na kuachwa aijenge kwa miaka 45.