Mimba ya kwanza: darasa la wajawazito linasaidia kweli siku ya kujifungua?

Kijacho_Mwanza: Habari zenu wapendwa. Niko wiki ya 31, mimba ya kwanza. Kliniki nahudhuria ila pale foleni ndefu, unapimwa presha na uzito, wanasikiliza mapigo ya mtoto basi unarudi nyumbani. Kuna nesi anafundisha wajawazito jumamosi kwa kulipia, wifi yangu anasema ntapoteza hela bure, uchungu haufundishwi. Mliosoma ilibadilisha chochote? Naogopa sana kisu.

MamaPacha2: Mi nilisoma na kisu nikapigwa vilevile, mapigo ya mtoto yalishuka, kwa hiyo usiende ukidhani ni kinga. Ila nilijua uchungu wa kweli unazidi kukaribiana na hautulii hata ukibadili mkao, ule wa uongo ulipokuja nikatulia nyumbani. Dada yangu yeye alikimbia hospitali njia imefunguka sentimita 2 tu, akakaa siku mbili anaona wenzie wanajifungua wanaondoka, mpaka inafika zamu yake hana nguvu ya kusukuma

mkunga_leba: Pole na hofu mdogo wangu. Wifi ana ukweli kidogo, maumivu yapo palepale. Lakini WHO tangu 2018 wanahesabu uchungu kukolea kuanzia sentimita 5, na kwa mzazi wa kwanza kutoka hapo unaweza kwenda mpaka masaa 12 na ikawa kawaida tu. Asiyejua hilo anaona amekwama, anaomba kisu mwenyewe, au huko nyumbani anapewa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, na hizo ndo tunaziogopa jamani, kizazi kinaweza kupasuka!! Kwenye kisu, kitu chenye ushahidi mzito kuliko darasa ni kuwa na mtu wako pembeni muda wote wa uchungu, hao wanaofanyiwa opareshoni ni wachache zaidi. Ulizia mapema kama unapojifungulia wanaruhusu. Na ukiona damu, kichwa kinauma sana, chupa imepasuka au mtoto hachezi kama alivyozoea, usingoje jumamosi, nenda saa hiyohiyo.

BabaJunior: Uliza kabisa na nani anaruhusiwa. Mi nilifundishwa kumkanda mke wangu kiuno, kufika mlangoni wakasema wanawake tu, akaingia mama mkwe ambaye hajafundishwa kitu

Kijacho_Mwanza: Asanteni sana. Nimeuliza, kwetu pia ni mwanamke tu. Basi jumamosi naenda na wifi, ada yake nalipa mimi.