Mimba ya wiki 8, shifti ya usiku kiwandani: naombaje kuhamishwa?

MamaKijacho
Habari za humu wapendwa. Niko kiwanda cha nguo Dar, idara ya kupasi na kufungasha. Wiki moja mchana, wiki moja usiku, saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, muda wote nimesimama na mvuke usoni. Ikifika saa 8 usiku natapika mpaka alfajiri. Supavaiza anataka ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi), lakini ED ni siku tatu halafu narudi palepale. Nasikia sheria inamtoa mjamzito usiku miezi miwili tu kabla ya kujifungua. Ni kweli? Na nile nini nisitapike?

Katibu_Tawi
Hiyo ni nusu ya sheria, dada. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumpanga mjamzito kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ndani ya miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, AU mapema zaidi akileta cheti cha daktari kwamba hafai tena kwa kazi ya usiku.

Wengi wanakwama kwenye maneno ya cheti. Kikiandikwa "apewe kazi nyepesi", wanakutoa kwenye pasi wanakupeleka kukata nyuzi, usiku uleule, na hapo wameshatekeleza. Kikiandikwa "apumzike", hiyo ndiyo ED, na inakula likizo yako ya ugonjwa: siku 126 kwa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, zilizobaki nusu. Usizimalize wiki ya 8. Mwombe daktari aandike umri wa mimba, kwamba hufai kufanya kazi za usiku, na kuanzia lini hadi lini. Ambatanisha na barua, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Mwajiri anatakiwa akuhamishie mchana, isipokuwa kama haiwezekani. Huo ndio mlango watakaopitia, kwa hiyo uzibe mapema: taja kwenye barua mwenzako wa idara hiyohiyo aliyekubali kuchukua wiki zako za usiku. Ujue tu kwamba ile nyongeza ya usiku, angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, utaikosa. Na hizo saa 12 zinahitaji makubaliano ya maandishi, tena zisizidi siku tano kwa wiki. Angalia mkataba wako.

Mkunga_Mstaafu
Hongera mama. Saa 8 usiku tumbo lako ni tupu, na tumbo tupu ndilo linalochochea kichefuchefu cha miezi hii. Kula kabla hujaingia, kisha kila baada ya saa mbili tafuna kitu kikavu kidogo: biskuti, kiazi cha kuchemsha, kipande cha mkate. Usisubiri njaa. Maji kunywa kidogo kidogo katikati ya milo, si pamoja na chakula. Tangawizi inasaidia. Isiposaidia, uliza kliniki kuhusu vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku.

Vidonge vya FEFO, vile vya chuma na asidi ya foliki vya kliniki, vinakera tumbo kwa sababu ya madini ya chuma. Meza baada ya kula, ukiwa unakwenda kulala asubuhi, na chai ikae mbali navyo angalau saa moja. Vikikushinda kabisa, kliniki wakupe asidi ya foliki peke yake, miligramu 0.4. Hiyo usiiache wiki hizi. Udongo wa kutafuna acha, unazuia chuma kufyonzwa. Kahawa isizidi vikombe viwili vidogo, na vinywaji vya kuongeza nguvu usiguse.

Ukitokwa damu, ukiumwa sana tumbo upande mmoja, ukizimia, au maji yasipokaa tumboni siku nzima na mkojo ukawa mweusi, nenda hospitali usiku huohuo. Ruhusa itafuata.

DadaWaZamu
Usingizi ugawe: saa nne au tano ukifika tu nyumbani, na nyingine moja na nusu kabla ya kutoka. Funika dirisha kwa kanga mbili, simu nje ya chumba. Kazini omba stuli. Wakikunyima, weka boksi chini upumzishe mguu mmoja mmoja.

MamaKijacho
Asanteni sana. Sasa daktari akisema mimba haina shida, haandiki?

Mkunga_Mstaafu
Nenda na kumbukumbu: saa unazotapika, mara ngapi, usiku na mchana vikiwa mbalimbali. Pimwa uzito kila ukienda. Ukishuka asilimia 5, yaani kutoka kilo 60 hadi 57, hapo si kichefuchefu cha kawaida tena, na mkojo upimwe ketoni, yaani dalili kwamba mwili unachoma mafuta kwa kukosa chakula. Mwambie pia kuna utafiti wa Denmark wa 2019, wajawazito zaidi ya 22,000: waliofanya usiku mbili au zaidi ndani ya wiki moja, baada ya wiki ya 8, hatari ya mimba kuharibika wiki iliyofuata ilikuwa juu kwa asilimia 32. Usitishike na namba hiyo, wengi wao mimba zilikaa salama. Ila ni sababu ya kitabibu anayoweza kuiandika. Akikataa moja kwa moja, omba basi usiku usiozidi mmoja kwa wiki, na hilo nalo aliandike.