Kuruka kwa safu ili kupigwa picha za angani: maandalizi gani yanahitajika?

Mleta mada:
Wakuu, naomba mwongozo. Mpigapicha mmoja ameniomba nirushe ndege yangu ya injini moja sambamba na ile atakayopanda yeye, na anasisitiza nisogee hadi sura yangu ionekane. Leseni ninayo, ila kuruka kwa safu sijafundishwa. Je, yatosha kuelewana na rubani mwenzangu kwa redio tukiwa angani?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, haitoshi. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka marubani wakuu wa ndege zitakazoruka kwa safu wawe wamekubaliana kabla, na mahali pa kukubaliana ni ardhini, karatasi ikiwa mezani: nani anaongoza, kimo cha chini kabisa ni kipi, na ni neno gani la redio ambalo likisikika kila mtu anaachana na picha. Anayefuata hukodolea macho ndege ya mbele muda wote, hivyo hawezi kuangalia ndege nyingine zinazopita. Kazi hiyo apewe mtu mwingine, wala asiwe mpigapicha, kwa sababu lenzi humdanganya kuhusu umbali. Tafuta mwalimu kwanza. Picha zitasubiri.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea mkasa wa California wa tarehe 8 Juni 1966. Ndege tano zenye injini za General Electric zilipangwa pamoja ili zipigwe picha kutoka ndege ya Learjet. Ndege ya kivita aina ya F-104 ya Joe Walker iligusa ncha ya bawa la kulia la XB-70, ndege kubwa ya majaribio ya kudondosha mabomu, ikabinuka juu ya ndege hiyo kubwa na kuvunja mikia yake ya wima. Walker alifariki, pamoja na Carl Cross aliyekuwa ndani ya XB-70. Al White, rubani mwenzake Cross, alinusurika. Walker alikuwa rubani wa majaribio aliyekwisha kurusha X-15, ndege ya majaribio ya roketi, kwa hiyo tusidhani kwamba uzoefu peke yake ni kinga. Ndege kubwa huacha hewa inayozunguka kwa nguvu kwenye ncha za mabawa, na ncha hiyo ikiwa nyuma ya bega lako, ni vigumu kutambua kwamba unaisogelea.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Na kiongozi akinipotea machoni tukiwa kwenye kona?

Mchangiaji wa kwanza:
Tangaza redioni mara moja kwamba humwoni, kisha geuka kuelekea upande mliokubaliana, mbali na pale ulipomwona mwisho. Usirudi kwenye safu mpaka umwone tena na akuruhusu. Mpigapicha akitaka usogee zaidi, ombi lake lipitie kwa rubani wake, na yeyote kati yenu wawili anaweza kulikataa bila kujieleza.