Mrejesho: kijana wangu aliyelia akiona kitabu

Wapenzi, ni mimi mama wa Bukavu niliyeuliza nifanye nini na kijana wangu wa miaka 7 anayekataa kusoma nyumbani.

Yule aliyesema nianze na Kiswahili tunachoongea nyumbani, Kifaransa kifuate, Mungu ambariki. Shuleni walimwanzisha na Kifaransa moja kwa moja, ambapo "eau" ni herufi tatu kwa sauti moja tu, o! Kwetu "sa" ni "sa" popote ilipo. Nilichukua makala, yaani kipande cha makaa, nikaandika sakafuni: sa, mba, za. Hiyo "mba" ilimsumbua siku mbili. Siku ya tatu akapitisha kidole polepole, midomo ikicheza, halafu akaruka: "Sambaza! Mama, ni samaki zetu!" Ndio wale samaki wadogo wa ziwa Kivu.

Sasa ni dakika 10 kila jioni, bugali ikingojewa. Akichoka tunaacha, hata katikati ya neno. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea, nilikuwa namlazimisha mpaka analia.

Jana tukipita Kadutu alisimama mbele ya kibanda akasoma "chumvi", bila kuulizwa. Nilitokwa machozi palepale sokoni.

Bado anachanganya b na d. Mliopitia hilo, mlimsaidiaje mtoto?