Walituambia tuache mkaa, tuige makampuni makubwa ya mafuta, leo nayo yamerudi kwenye mafuta. Sipigwi picha na mtungi mtupu mimi!

Wakuu salaam. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la mapishi, sijaja kuulizia bei ya mchele.

Mimi ni mama lishe hapa Tabora mjini, pande za Isevya. Juzi saa tano asubuhi, maharage ndiyo kwanza yanalainika na wateja wameanza kuchungulia sufuria, kanijia kijana kavaa fulana ya kampuni moja ya gesi (jina nalihifadhi), nyuma yake mpiga picha. Anataka nipigwe picha na mtungi. Mtungi ninao, ila juu yake nimeweka ndoo ya kunawia mikono, kimo chake kinafaa sana. Akaniuliza kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Mama, kwa nini umerudi kwenye mkaa?"

Jamani.

Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilitukusanya ukumbini, soda moja na nauli elfu tano. Tukaambiwa mkaa wetu unamaliza misitu ya miombo na kuharibu tabianchi. Nikakubali, kwani uongo? Misitu ya Uyui tunaona inavyokwisha. Kisha wakatuonyesha kwenye projekta kwamba hata makampuni makubwa ya mafuta yameokoka. BP imeahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Shell imeamriwa na mahakama kule The Hague, Uholanzi, ipunguze hewa ukaa kwa asilimia 45. "Wao wameweza, nyie jiko tu linawashinda?" Tukapiga makofi. Nikabeba mtungi wa kilo 6 na jiko lake, kwa mkopo.

Haya, walokole wetu wako wapi leo? BP Februari 2023 ile 40 ikawa 25. Februari 2025 hata 25 ikatupwa, ikatangaza kumwaga dola bilioni 10 hivi kila mwaka kwenye mafuta na gesi, maana wenye hisa walikuwa wanalalamikia faida. Shell Machi 2024 ikalegeza malengo yake yenyewe, Novemba ikashinda rufaa, ile asilimia 45 ikafutwa. Na si mara ya kwanza hawa kurudi nyuma. Mwaka 1997 bosi wa BP, John Browne, alisimama chuo cha Stanford akakiri kwamba suala la tabianchi si la kupuuza, watu wakashangilia, baadaye nembo ikageuzwa kama ua la alizeti, ila mafuta yakaendelea kuchimbwa. Exxon ndiyo usiseme: mwanasayansi wao aliwaeleza mabosi hatari hiyo ya tabianchi tangu 1977, lakini miaka ya tisini walikuwa mstari wa mbele kupinga sheria za kubana hewa chafu.

Mimi nikirudi nyuma naletewa kamera. Wao wakirudi nyuma hisa zinapanda.

Na msinijie na habari za mabeberu hawataki tuendelee. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga linapita mkoani kwetu, Nzega na Igunga, na mabomba yake yalivalishwa koti la kutunza joto kwenye kiwanda cha Sojo, huko Nzega. Binamu yangu alipata kibarua pale, tulikula hela hiyo, sina kinyongo. Ila yale mafuta yanaganda kama nta, kwa hiyo lazima yapashwe moto njia nzima, kilomita 1,443. Mwenye asilimia 62 za hisa ni TotalEnergies, ambayo hadi 2021 ilikuwa Total tu, kisha ikajiongezea jina ili isionekane ya mafuta peke yake. Sisemi lisijengwe. Nauliza: bomba lipashwe moto kutoka Hoima hadi baharini, halafu kesi ni sufuria yangu ya maharage?

Gesi yenyewe ni nzuri, sibishi. Chai ya alfajiri inachemka mara moja na macho hayawashi. Lakini maharage yanataka saa mbili, na mtungi wa kilo 6 kwa biashara yangu haufiki siku tano. Kujaza ni zaidi ya elfu ishirini, kwa mkupuo. Mkaa nanunua wa elfu mbili, nauza, kesho nanunua tena. Hapa kwangu hakuna anayeniuzia gesi ya elfu mbili. Serikali inataka asilimia 80 yetu tupikie nishati safi ifikapo 2034, sawa, ila hiyo hesabu ya elfu mbili ukumbini hakuna aliyeigusa. Mpira wa jiko ulipopasuka nikapiga namba waliyotuachia wiki nzima, haipatikani. Mkopo lakini walikumbuka kuudai hadi senti ya mwisho!

Yule kijana akaomba nitoe ndoo "dakika moja tu". Nikamwambia anawe mikono, akae, ale, alipe. Wakaenda kupiga picha kwa jirani. Mtungi wake nao mtupu, naujua, tuliuchukua siku moja.

Mwenye kumjua fundi wa majiko ya gesi hapa Isevya au Cheyo anitumie PM. Chai bado naipenda ya gesi.