Chaji ya simu kwenye pikipiki: niunde au ninunue?

Msukani
Wakuu, nataka tundu la USB kwenye usukani wa pikipiki. Betri ni volti 12, ampea-saa 5, na simu inafungua ramani kutwa nzima. Nina 7805 (kile kidude cha kushusha umeme hadi volti 5) na pasi ya kulehemu. Niunde au ninunue?

Fundi_waya
Kwa 7805 usiunde, mkuu. Injini ikinguruma betri inasoma karibu volti 14, simu inataka 5. Hizo 9 za katikati zote zinageuka joto: ukivuta ampea 1 ni wati 9. Bila bati pana la kupoozea itajizima, ikipoa inawaka tena, na simu itachaji na kukata njia nzima. Ukiifungia kwenye kiboksi kisichoingiza maji ndiyo kabisa.

Ukiamua kuunda, chukua moduli ya LM2596, kibao kidogo cha kushusha volti bila kugeuza nyingi kuwa joto. Kabla ya kugusa simu, weka mita upande wa kutokea, zungusha kile kiskrubu cha shaba kinyume na saa mpaka isome 5.1. Mizunguko ya mwanzo inaweza isibadilishe kitu, endelea tu. Nyingi hutoka dukani zikiwa zimepandishwa juu, ukichomeka simu hivyo hivyo umeiua. Ukishapata 5.1, dondoshea kiskrubu rangi ya kucha ili mtikisiko usikisogeze.

Koili
Ukiunda, pini mbili za kati za USB, D+ na D- (za data), ziunge pamoja. Ukiziacha wazi simu nyingi hujizuia kwenye ampea 0.5 hivi, na ramani ikiwa wazi chaji itashuka huku waya umechomekwa.

Umeme usichukue kwenye taa kubwa, pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inakula AC, umeme wa kugeuka-geuka toka kwenye injini, siyo wa betri. Tafuta waya wa honi unaosoma volti 12 ufunguo ukiwashwa na sifuri ukizimwa, bila kubonyeza honi. Ukiunga betri moja kwa moja, moduli peke yake ikinywa miliampea 10, siku 10 ni ampea-saa 2.4, karibu nusu ya betri yako. Fyuzi ya ampea 2 ikae pale unapochukulia umeme, siyo karibu na simu: waya huchunika kwenye shingo ya usukani, na shoti ya hapo lazima fyuzi iwe imeitangulia.

Msukani
Na mvua?

Fundi_waya
Hapo ndipo la dukani linashinda. Kifuniko chake cha mpira ni kigumu kukiiga nyumbani. Gundi ya moto hulainika juani, na silikoni yenye harufu ya siki inakula shaba mpaka inageuka kijani.

Kwa matumizi yako nunua tundu lililoandikwa volti 12–24, ampea 2 au zaidi, kisha waya na fyuzi fanya mwenyewe kama alivyosema Koili. Mengi ya bei rahisi huja bila fyuzi. Likifika, lipime kwa mita huku simu inachaji: likishuka chini ya 4.75, rudisha.