MREJESHO: Haibridoma zilizokuwa zikifa zote

Habari wakuu. Ni mimi wa Mbeya niliyeuliza kwa nini kila nikiunganisha seli za wengu wa panya na za mieloma (saratani ya seli za damu) ili nipate haibridoma, yaani seli mseto za kutoa kingamwili, zote zinakufa kwenye HAT (dawa ya kuchuja, inayobakiza seli mseto tu). Asanteni sana. Aliyesema PEG (kemikali ya kuunganisha seli) naiacha mno kwenye seli alipatia: safari hii niliipasha hadi nyuzi 37 (baridi ya Julai huku si mchezo), nikaidondosha kwa dakika 1, kisha nikaizimua polepole. Seli walezi (za kusaidia nyingine kuota) nazo niliweka. Vishimo 14 vya sahani ya kuoteshea vimeota seli, ila 3 tu vinatoa kingamwili niitakayo. Kimoja kikaacha kutoa kabla sijatenganisha seli mojamoja. Mliniambia niwahi, nikazembea. Seli za viwili vilivyobaki nimeshagandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika isiyotegemea umeme, maana umeme haukawii kukatika.